Jina lako au bidhaa yako: kipi kitangulie?

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba programu yako ya kutunza hesabu za vikoba haijakamilika, na kuna wanaokushauri ujijengee kwanza jina mitandaoni. Mimi ningeanza na vikundi vitatu vya mtaani kwako, nikae nao siku ya kikao, nione daftari lao hukosewa wapi, kisha niandike hadharani yale niliyojifunza, kwa kuwa jina linalokua hivyo huvuta wateja, ilhali umaarufu mtupu huvuta watazamaji. Ni kweli kwamba Ory Okolloh, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, jukwaa la mtandaoni la kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa tayari na wasomaji wa blogu yake kabla ya jukwaa hilo kuzaliwa Kenya mwaka 2008, lakini walimfuata kwa maandishi yake ya siasa, na jukwaa lenyewe lilijengwa kwa siku chache tu. Mwenyewe niliwahi kutangaza huduma miezi minane kabla haijawa tayari. Ilipofika, wengi walikuwa wameshanisahau. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kabla ya kulitangaza, na umwone wakili kabla ya kukusanya taarifa za wanachama, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.