Je, glasi moja ya mvinyo kwa ajili ya moyo inajuzu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina presha, na mwenzangu kazini ananiambia glasi moja ya mvinyo mwekundu kila jioni hulinda moyo na kurefusha maisha, eti utafiti umethibitisha. Kama silewi na nia yangu ni afya, kuna ubaya gani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah.

Haijuzu, ndugu yangu, hata kama ni funda moja. Mtume (s.a.w.) amesema: "Kinacholevya kingi chake, kichache chake ni haramu" (Abu Daud na Tirmidhi). Kinachoangaliwa ni kinywaji chenyewe kuwa kinalevya, hata kama wewe hukulewa. Na hoja ya afya si ngeni: sahaba Tariq bin Suwayd alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa tu, akajibiwa kwamba si dawa, bali ni ugonjwa (Muslim).

Wala Qur'ani haikukana kwamba pombe ina manufaa. Katika Al-Baqara 219 Mwenyezi Mungu ameyataja, akasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika Al-Maida 90 akatuamrisha tujiepushe nayo. Kwa hiyo mtafiti akigundua faida, hukumu haitikisiki.

Hata hivyo sitaki udhani umenyimwa tiba. Tafiti nyingi zilizomsifu mnywaji wa kiasi zilimpima dhidi ya "wasiokunywa", na humo walihesabiwa pia walioacha pombe baada ya ini kuharibika au daktari kuwakataza. Ukimlinganisha mzima na wagonjwa, mzima ataonekana anaishi zaidi! Tena wanywaji wa kiasi mara nyingi ni watu wenye kipato kizuri na matibabu ya karibu. Watafiti walipoyarekebisha hayo, faida ile ilipungua sana au ikatoweka. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kwako wewe lipo la karibu zaidi: pombe yenyewe hupandisha presha, na huweza kugongana na dawa unazomeza. Mwambie daktari wako wazi kwamba hunywi, umuulize kuhusu chumvi, uzito na mazoezi. Na kama ulishainywa ukidhani ni tiba, acha leo na umwombe Mola wako msamaha. Mlango wa toba haujafungwa.

Wallahu a'lam.