Bunduki ya .22 na kiwambo cha sauti: nilichojifunza Isongole

Afisa wa dawati la silaha hakunijibu. Alifunga faili, akanitazama, akauliza: "Sasa huo mlio, mzee, unataka kumficha nani?"

Nilikuwa nimekwenda kuhuisha leseni ya bunduki ndogo ya .22, aina ya BRNO ya zamani aliyoiacha marehemu baba. Nilipomaliza shida yangu nikaona niulize na hili la kiwambo cha sauti, yaani sailensa, kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Swali la afande lilinifuata mpaka kijijini Isongole, Rungwe. Ndani ya daladala nilikuwa bado natafuta jibu.

Tamaa ilitoka kwa binamu yangu anayeishi Texas. Alinitumia video anapiga makopo uani kwake na bunduki inatoa sauti kama mtu anayefunga kitabu. Nikajiona na mimi shambani alfajiri, ngedere wanaanguka mmoja mmoja bila wenzao kushtuka. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, nitaeleza.

Kwanza sheria, maana wengi wanadhani Marekani kila kitu ni kwenda dukani na kurudi. Kule kiwambo kiko chini ya sheria ya shirikisho ya 1934, ile iliyowekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Mnunuzi anajaza fomu, anatoa alama za vidole na picha, anachunguzwa, kifaa kinasajiliwa kwa namba. Kodi yake ilikuwa dola 200 tangu mwaka huo wa 1934. Kuanzia Januari 1, 2026 imeshushwa hadi sifuri, lakini usajili umebaki palepale. Na California au New York raia hawezi kukimiliki kabisa. New Zealand, kwa upande mwingine, mkulima anayewinda sungura na kiwambo ni jambo la kawaida. Kila nchi na hofu zake.

Huku kwetu Tanzania tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Baba alipofariki hatukugawana bunduki kama tulivyogawana migomba. Tuliipeleka polisi, ikakaa huko, nami nikaanza kuomba upya kwa jina langu: serikali ya kijiji, kata, wilaya, mkoa, hadi makao makuu. Mimi ilinichukua mwaka na ushee. Kijijini walinijadili nikiwa nimetolewa nje, nimekaa kwenye benchi chini ya mti wa parachichi nasikia jina langu likitajwa dirishani. Mtu mmoja aliuliza kama nikilewa huwa mkorofi. Nilikasirika siku ile. Leo naona ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa.

Leseni ikitoka, isome. Inakutaja wewe, inataja bunduki na namba yake. Yangu haina neno lolote kuhusu kiwambo. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba kisichokuwemo kwenye karatasi sikigusi. Binamu alijitolea kuniletea kimoja kwenye begi, "kadude kadogo tu, kama chupa ya chai." Nikamwambia kaka, hiyo chupa ya chai itakunywesha maji ya mahabusu, wewe na mimi niliyeagiza. Na wale wanaosema kuna fundi wa kulehemu anaweza kutengeneza, waache. Hata kutia hesi, yaani meno ya skrubu, kwenye mtutu ili kiwambo kikae ni kubadilisha silaha iliyosajiliwa. Hesi ikipinda kidogo, risasi inagonga ndani ya kiwambo.

Halafu kifaa chenyewe hakifanyi kazi kama kwenye sinema. Kinanasa gesi ya moto inayotoka mdomoni mwa mtutu na kuipoza, basi. Bunduki ya .22 hupiga takriban desibeli 140, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kiwambo kinapunguza 20 mpaka 30. Kinachobaki si mnong'ono, ni kama msumeno wa mashine karibu na sikio. Risasi ikikimbia kuliko sauti hupasua hewa "tah!" na kiwambo hakina la kufanya. Mwendo wa sauti unategemea joto: nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, lakini asubuhi ya Julai huku kwetu, nyuzi 8, inashuka hadi karibu 336. Kwa hiyo risasi ambayo mwendo wake unakaribiana na wa sauti inaweza kunyamaza mchana na kupiga kelele alfajiri. Zile za mwendo wa kawaida, kama mita 325, ziko chini. Zile za kasi hufika 380.

Na uchafu je? Risasi za .22 nyingi ni za madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta. Nikisafisha mtutu wa BRNO kitambaa kinatoka cheusi na kinanata vidoleni kama masizi ya sufuria ya kuni. Hayo yote, kwenye kiwambo, yanaganda ndani. Binamu anakiri kwamba chake anakifungua na kukisugua mara kwa mara, la sivyo vipande vinashikana moja kwa moja.

Ila sababu kubwa iliyonitoa tamaa ni shamba lenyewe. Ngedere hawaondoki kwa sababu mmoja amekufa kimya. Wanaondoka kwa sababu ya kishindo. Ningelipa fedha kununua kitu kinachoondoa sehemu pekee ya bunduki inayonisaidia! Nguruwe pori ndiyo kabisa: risasi ya gramu 2.6 inamjeruhi tu, anakwenda kufia msituni au anakutana na mtoto wa jirani njiani. Tena leseni ya silaha si kibali cha kuua mnyama. Wanyamapori wana sheria yao ya 2009, na mnyama aliyeuawa akiharibu mazao anaripotiwa. Nyama na ngozi si mali yako. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya kabla, siyo baada.

Sisi wa kando ya msitu wa Rungwe tuna jambo la ziada. Huko juu yuko kipunji, nyani mwenye kishungi kichwani na mlio kama honi iliyokwama, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2005. Hayupo popote duniani isipokuwa huku na kipande cha Udzungwa. Naye anapenda mahindi. Kwenye ukungu wa saa kumi na mbili, mkia ni mkia tu. Mlio wa bunduki angalau unamwita mwenyekiti aje kuona ulichofanya. Anayepiga kimya kando ya hifadhi, kila mtu atajua anatafuta nini.

Mara moja nilipiga kopo lililokuwa juu ya jiwe, yale mawe meusi ya volkano. Risasi ilikwaruza jiwe, ikalia "viiuu", ikachana mgomba wa jirani. Alikuwa ameinama hatua kumi pembeni anachimba viazi. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Tangu siku hiyo sipigi kama nyuma ya shabaha hakuna ukuta wa udongo, risasi nazifungia mbali na bunduki, na masikioni navaa viziba vya elfu mbili.

Binamu alikuja Desemba. Akaomba apige mara moja tu, kwa picha. Nikakataa, leseni ni yangu siyo yetu, akanuna mpaka mbalaga, ndizi zetu za kupika, ikapoa mezani. Kesho yake alfajiri nilisikia kelele shambani nikatoka na koti. Mwenye bunduki nne za kiwambo kule Texas alikuwa amesimama katikati ya mahindi na kandambili za mke wangu, anatwanga debe kwa mwiko, na ngedere wanapanda mlima.