Tazama kinachopita nyuma ya mgongo wake

Ndugu uliyeuliza watu wanaona raha gani katika The General, filamu bubu ya vichekesho ya mwigizaji na mwongozaji Buster Keaton, ukasema umeijaribu mara mbili na mara zote usingizi ukakuchukua, nakujibu kwa yaliyonikuta, kwa sababu nami mara ya kwanza niliiacha njiani. Niliitazama kwenye simu, katika nakala iliyofifia hadi moshi wa treni na nyuso za watu vikawa kitu kimoja, huku muziki uliobandikwa juu yake ukienda njia yake. Haki za umiliki wa filamu hii zilikwisha muda Marekani, hivyo kila mtu huipandisha mtandaoni apendavyo. Tafuta nakala iliyosafishwa, na kama unaweza, usiitazame kwenye simu.

Kosa langu la pili lilikuwa kumkodolea Keaton macho usoni nikingoja anichekeshe. Uso wake haucheki kamwe. Yeye ni Johnnie Gray, dereva wa treni wa jimbo la Georgia, upande wa Kusini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyekataliwa jeshini kwa kuwa udereva wake una manufaa zaidi, ila hakuna aliyemwambia sababu hiyo, na mchumba wake Annabelle akamwona mwoga. Majasusi wa Kaskazini wanapoiba injini yake, na mchumba akiwa ndani ya behewa, anawafuata peke yake. Yupo mahali anakata kuni juu ya behewa la nyuma ya injini, ameinama, amezama kazini; nyuma yake jeshi lote la Kusini linapita likirudi nyuma, kisha jeshi la Kaskazini linakuja kwa wingi, naye bado anakata kuni. Anapoinua kichwa yuko katikati ya adui. Katika jaribio langu la kwanza nilikuwa nikimtazama yeye tu, kwa hiyo majeshi mawili yalinipita kama yalivyompita yeye.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye treni za mvuke. Mjomba hapendi filamu, na maandishi ya Kiingereza ilinibidi nimtafsirie, lakini ni machache na hayakutuchelewesha. Alitulia tuli wakati Keaton anakimbia juu ya mabehewa, akasema tu, "Huyu injini anaijua." Kilichomvunja mbavu ni Annabelle, wakati wa safari ya kurudi baada ya Johnnie kumwokoa, adui wakiwa nyuma yao na moto ukihitaji kuni: binti wa watu ameshika ufagio anafagia sakafu ya injini, kisha anaokota gogo, anaona lina tundu, analitupa nje kwa kuwa ni bovu. Johnnie kwa kejeli anampa kijiti kama cha kiberiti, naye anakitia motoni kwa makini. Johnnie anamkaba shingo, anamtikisa, halafu anambusu. Ilibidi nirudishe nyuma mara tatu, maana kila mara mjomba alikuwa bado anafuta machozi.

Kisha chunguza tukio la mzinga anaoukokota nyuma ya injini wakati anawafukuza wezi. Mara ya kwanza Johnnie anatia baruti kiganja kimoja, na tufe linaanguka karibu naye, ndani ya injini. Mara ya pili anamimina pipa zima, anawasha utambi, na wakati anarudi mbele mguu wake unanasa kwenye kiungo cha mabehewa. Kiungo kinaachia, mtikisiko unaushusha mdomo wa mzinga taratibu hadi unamwelekea yeye. Anakimbilia pua ya injini kujificha. Kinachomwokoa ni kona ya reli: treni inakunja, mzinga unalipuka, na tufe linaenda moja kwa moja hadi karibu na wezi, ambao sasa wanaamini wanafukuzwa na jeshi kamili. Hakuna bahati iliyotoka mbinguni hapo. Kona ulikuwa unaiona.

Injini iitwayo The General iliibwa kweli, tarehe 12 Aprili 1862, pale Big Shanty, kituo cha treni cha Georgia, na kiongozi wa wizi huo, James Andrews, alinyongwa, na siku chache baadaye wenzake saba nao wakanyongwa. Keaton amehamishia huruma yote kwa dereva wa Kusini, upande uliopigania kubaki na watumwa, na utumwa wenyewe haukutajwa. Jambo hilo linanikera kila ninapoitazama, na sijioni nikilizoea, ingawa bado naitazama.

Mwisho, usilale kabla ya daraja. Walilipigia picha karibu na Cottage Grove, Oregon, mwezi Julai 1926, kwa injini ya kweli na mto wa kweli, bila nafasi ya kurudia, na chuma cha injini iliyoanguka kilibaki majini hadi Vita Kuu ya Pili kilipotolewa kuwa chuma chakavu. Daraja linawaka moto, na mkuu wa Kaskazini, akiwa juu ya farasi, anamhakikishia dereva wa treni ya jeshi lake kwamba halijaungua kiasi cha kumzuia. Treni inaingia, daraja linakatika, injini inatumbukia mtoni na moshi wake. Sasa iache injini, umtazame yule mkuu: hana la kusema, na Keaton hakumwandikia neno.