Ukigongwa, bima ya aliyekugonga si bima yako

Mtu akigongwa na dereva ambaye kosa lake liko wazi, kitu cha kwanza anachoambiwa na kila anayepita ni hiki: usijali, bima yake italipa. Ni kweli italipa. Itakulipa nini, lini na kwa masharti gani ndilo suala, na hayo niliyapata kwa jasho gari langu lilipogongwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Dereva aliteremka akaomba radhi, polisi wakapima na kuchora mchoro wao, hakuna aliyebishana na mwenzake. Bado malipo yalichukua miezi.

Anza kwa kuelewa nani ni nani. Mkataba wa bima ni kati ya kampuni na yule aliyekugonga. Wewe humo humo ndani hutajwi. Sheria za bima ya lazima ya mtu wa tatu, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1930, zilitungwa ili majeruhi asiachwe mikono mitupu kwa sababu aliyemgonga hana kitu. Hazikukufanya mteja wa kampuni hiyo. Wewe kwao ni mdai. Yule ofisa anayekupigia kwa sauti ya upole na kukuulizia hali yako anafanya kazi yake vizuri, na kazi yake ni kufunga faili lako kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Simlaumu, ila nikiongea naye nakumbuka hilo.

Kama una bima kubwa, yaani ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, una njia mbili. Unaweza kudai kwa kampuni yako mwenyewe, ikutengenezee gari, kisha yenyewe ikamfuate mwenzake kurudisha fedha zake. Kwa kawaida njia hii ni ya haraka zaidi. Utachangia kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba wako unakutaka ukilipe mwenyewe, kwa hiyo waandikie mapema kwamba unataka nacho kidaiwe upande wa pili, na uliza kama punguzo lako la kutokuwa na madai litaguswa. Hata ukiamua kuwafuata wale wa upande wa pili moja kwa moja, iarifu kampuni yako, kwani mikataba mingi inataka kila ajali iripotiwe. Mimi nilikuwa na bima ndogo tu, kwa hiyo sikuwa na cha kuchagua.

Radhi ya barabarani haina uzito mezani. Dereva wangu, aliyekuwa mpole kabisa siku ile, aliandika kwenye fomu ya kampuni yake kwamba nilifunga breki ghafla bila sababu. Kilichoniokoa ni picha niliyoipiga kabla magari hayajasogezwa: taa nyekundu inaonekana, na gari lililokuwa mbele yangu linaonekana limesimama pia. Kwa hiyo, kama eneo ni salama, piga picha kwa mbali na kwa karibu, namba za magari, stika au cheti cha bima yake, alama za tairi, na uchukue simu za walioshuhudia. Kwa nini wahangaike na breki zangu? Kwa sababu katika nchi nyingi kosa hugawanywa. Wakifanikiwa kukubebesha asilimia 20, kila wanachokulipa kinapungua kwa kiasi hicho, gari na matibabu pia. Ndiyo maana “samahani, na mimi sikukuona” ni sentensi ya gharama.

Watakuomba maelezo kwa simu, yakirekodiwa. Kwa kuwa huna mkataba nao, mara nyingi hulazimiki kukubali. Niliwaomba waniandikie maswali, nikayajibu kwa maandishi, mafupi, bila kukisia mwendo wala umbali. Na kila baada ya mazungumzo ya simu nilituma barua pepe: leo tumezungumza hili, umeahidi lile. Mali bila daftari huisha bila habari, na madai ya bima ni hivyo hivyo, maana ofisa wa faili lako anaweza kuhamishwa kesho na anayemrithi asijue lolote.

Sasa mkadiriaji. Aliyetumwa kwangu alilizunguka gari, akapiga picha bampa la nyuma lililopasuka na taa moja iliyovunjika, akaandika, akaondoka. Ukitazama kwa nje, ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa bodi alipolifungua lile bampa, kile chuma cha kupokea mgongano kilichofichwa nyuma yake kilikuwa kimekunjwa, na chini ya zulia la buti, pale linapokaa tairi la akiba, bati lilikuwa limefanya mikunjo kama shuka lisilopigwa pasi. Makadirio ya kwanza hayakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Sikumruhusu fundi aendelee. Alipiga picha kila kipande kikiwa mahali pake, nikaiandikia kampuni kudai ukaguzi wa pili, na mkadiriaji akarudi. Ukishatengeneza kwanza ndipo udai nyongeza, utakuwa unajadili vyuma ambavyo havipo tena. Omba pia nakala ya ripoti nzima, usikubali kupewa jumla tu. Humo ndimo utakapoona makato ya uchakavu, yaani hoja kwamba kipuri kipya mahali pa cha zamani kinakufaidisha. Kwa tairi au betri hoja hiyo ina mantiki. Kwa bati la bodi, mimi siioni, na niliwaandikia hivyo.

Wakisema gari halitengenezeki, kipimo cha kawaida ni bei yake sokoni muda mfupi kabla ya ajali, wala si bei uliyolinunulia. Tafuta matangazo ya magari ya aina hiyo, mwaka huo na kilomita zinazokaribiana, uwatumie. Uliza mabaki yatabaki kwa nani na yamekatwa kwa bei gani. Na usiliache gari likae kwenye yadi ya kulipia wakati mnabishana: mdai anatarajiwa kuzuia hasara isikue, na ada za maegesho wanaweza kukuachia wewe.

Nauli au gari la kukodi wakati lako liko gereji ni sehemu ya hasara yako, lakini ofisa hatakukumbusha. Tunza risiti, na ukodi gari la hadhi ya lile lako.

Kuhusu mwili, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo hata kama unajiona mzima. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa nyuma yanaweza kuanza saa kadhaa baadaye au kesho yake, na pengo kati ya ajali na cheti cha daktari ni zawadi kwa upande wa pili.

Hapo ndipo hati ya malipo inapokuwa jambo zito kuliko yote. Niliyotumiwa ilikuwa ukurasa mmoja, na katikati ya maneno mengi ya adabu kulikuwa na mstari uliosema kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yanayotokana na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana. Fedha iliyotajwa ilikuwa ya gari peke yake, wakati shingo yangu ilikuwa bado inatibiwa. Niliirudisha bila sahihi, na barua ikitaka iandikwe “kwa uharibifu wa gari pekee”. Waliibadilisha bila kubisha hata neno, jambo linaloonyesha walijua tofauti yake tangu mwanzo. Kama umeumia sana, hati ya namna hiyo isomwe na wakili kabla hujashika kalamu.

Wakili huyo huyo muulize muda wa mwisho wa kufungua kesi. Unatofautiana kati ya nchi na nchi, na wa majeraha unaweza usilingane na wa mali. Kwa kawaida mazungumzo na kampuni hayausimamishi: unaweza kuahidiwa “tunalishughulikia” mpaka tarehe ikapita. Wakinyamaza, mwandikie mkuu wa kitengo cha madai, na wakiendelea, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima, ukiambatanisha zile barua pepe zako.

Mwishowe walilipa ripoti ya pili yote bila makato kwenye bati, pamoja na nauli. Waligoma kulipia rangi ya mlango wa nyuma, ambao ulikuwa na mkwaruzo kabla ya ajali, na hapo walikuwa na haki.