Tangazo la kipengele kipya: wengine halionekani, wengine linawarudia

Ndugu, umeuliza kwa nini tangazo la kipengele kipya kwenye programu yako wengine hawalioni na wengine linawarudia. Shida ni kwamba alama ya "ameshaona" umeihifadhi kwenye kivinjari. Duka letu hapa Kondele, Kisumu, wahudumu watatu wanatumia kompyuta moja: wa kwanza akibonyeza "Sawa", wenzake hawaoni kitu, naye akifungua kwa simu, linamrukia tena. Iweke kwenye hifadhidata, kwa kila akaunti: namba ya tangazo la mwisho aliloona. Namba ya tangazo jipya ikizidi hiyo, lionyeshe. Linganisha kama namba, si kama maandishi, la sivyo 10 itahesabika ndogo kuliko 9 (hiyo ilinila jioni nzima).

Na tafadhali usizibe skrini yote, mteja amesimama na pesa mkononi! Nukta nyekundu kwenye alama ya kengele inatosha. Dirisha kubwa liache kwa mabadiliko ya malipo.