Mleta mada, msimamishe mwenye tingatinga kwanza

Mpigie simu leo hii umwambie asije. Kama ulishampa kianzio, hicho kianzio kihesabu kimekwenda, ni kidogo sana ukilinganisha na kitakachofuata.

Umeandika una ekari tatu karibu na Mingoyo, kichaka pamoja na mikorosho mikongwe, na unataka bustani ya ndege na vipepeo ambayo wageni watalipa kuingia. Umeuliza upande nini, kiingilio kiwe kiasi gani na vibali unavipata wapi. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukaweka: "wiki ijayo nasafisha eneo lote nianze upya." Wachangiaji wote waliotangulia wameiruka sentensi hiyo. Mimi siwezi.

Eneo la familia yetu liko upande wa Mikindani, mteremko wa kichanga. Wazo letu lilikuwa kama lako. Akaja bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa bustani, simu imejaa picha za hoteli. Alikuja mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea, kichaka kimepukutika majani na kubaki vijiti vya kijivu. Akazunguka kidogo akasema hapa hakuna kitu hai, ng'oeni vyote, wageni wanaogopa nyoka. Kwa maneno hayo akalipwa! Mtu asiyejua kwamba kichaka cha pwani hujikausha chenyewe kusubiri mvua, anapewa hela aamue kipi kife.

Tingatinga likasukuma karibu kila kitu mpakani, visiki na udongo wa juu pamoja. Kati ya vilivyokwenda ni mitopetope mwitu. Wako vipepeo weupe wenye madoa meusi wanaotaga kwenye majani ya mti huo, na kiwavi wao hali ua la kununua kitaluni hata ulipande jekundu namna gani. Ukiung'oa, umewang'oa na wao. Vikaenda pia vichaka vizito vyenye majani makavu chini yake, ambako ndege anayeitwa pita wa Afrika hutafuta konokono na wadudu. Huyu pita huja kuzaliana huku kusini mashariki mvua zinapoanza, na watazamaji wa ndege husafiri kutoka mbali kumtafuta. Wageni wako wa kulipa ndio hao, mkuu. Watamfuata ndani ya kichaka kilekile unachotaka kukifagia.

Kisha yule bwana akaagiza mikorosho iliyobaki ipuliziwe dawa kuua maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, eti watawauma wageni. Kila mkulima wa Mtwara anajua maji moto wanamla mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Mwaka uliofuata machipukizi yaliungua kama yamepitishiwa moto. Kumbe ilitosha kuisogeza njia isipite chini ya miti yenye viota vyao!

Halafu kikaja kifuku, msimu wa mvua. Kichanga kwenye mteremko bila mizizi hakikai. Mvua za Desemba zilifungua korongo kutoka juu hadi barabarani, na samadi tuliyoinunua ikaishia mtaroni. Ukoka tuliopanda ukahitaji boza la maji kiangazi chote na bado ukafa. Na nyoka? Lile rundo la visiki mpakani likajaa panya, nyoka wakawafuata, wakawa wanakatiza uwanja mtupu mchana kweupe. Anayetaka kucheka acheke, ila aje na koleo, korongo bado lipo.

Kwa hiyo sheria ni hii, na sikubali mtu ailegeze: kaa na eneo lako kifuku kimoja na kiangazi kimoja kabla hujakata mti wowote. Kila mwezi pita uandike nini kimechanua, nini kimezaa, nani anakula. Mtafute mzee au bibi wa hapo kijijini anayejua miti kwa majina, mlipe heshima na posho yake, tembea naye. Atakuonyesha mng'ongo pale wewe unapoona kuni.

Kinachoruhusiwa mwaka huo ni njia tu. Ipitishe kwa kupindapinda, upana wa watu wawili wanaotembea sambamba, nyasi za kingo zikatwe chini ili mgeni aone anapokanyaga. Hiyo ndiyo dawa ya hofu ya nyoka. Kichaka kibaki mafungumafungu katikati ya njia, na majani makavu yasifagiwe. Maji weka kwenye beseni la udongo lenye kina kifupi, karibu na kichaka ili ndege apate pa kukimbilia, na uyabadilishe kila siku mbu wasizaliane.

Ukishamaliza mwaka ndipo uongeze, na uongeze vya hapahapa. Mishubiri kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, mindimu michache kwa wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano, na utakubali viwavi wayatafune majani. Mbuyu kama unao usiuguse, maua yake hufunguka usiku na popo ndio wanaoyahudumia. Mgeni anayelala karibu unaweza kumtoa na tochi akaone.

Jambo moja zaidi kuhusu wauza miche. Watakuletea lantana, ile yenye vijiua vya rangirangi, watakuambia inavuta vipepeo. Kuvuta inavuta. Lakini ndege humeza matunda yake na kuzitawanya mbegu hadi mashamba ya majirani, ikishika inafunika kila kitu, na majani yake ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Akiishusha getini kwako, mwambie aipakie tena.