Maswali ya Wasomaji: Darasa Linapokuwa na Sauti Moja

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha umma karibu na Kisumu. Muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili mada ya mfumo wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka wa 2023. Walizungumza wanafunzi 16, na wote walisema jambo lilelile. Baada ya kipindi, binti mmoja alinifuata ofisini akaniambia kwamba yeye anaona mfumo huo una nafuu kwa familia kama yao, ila hakuthubutu kusema kwa sababu wenzake wangemwita msaliti, na pia kwa sababu hakujua mimi mwenyewe nina msimamo gani. Nimesoma kwamba mwaka wa 2024 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria inayozitaka bodi za vyuo vikuu vya umma zizingatie, zinapompandisha mhadhiri cheo, kama anakuza mitazamo mbalimbali darasani. Je, Kenya inahitaji sheria kama hiyo? Nami nifanye nini kwa sasa?
Mhadhiri, Kisumu

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuyaleta maneno ya binti huyo kama alivyoyasema, kwa kuwa ametaja hofu mbili zilizo tofauti: anawaogopa wenzake, na anakuogopa wewe. Hofu ya kwanza hutaimaliza kwa muhula mmoja, lakini ya pili unaweza kuanza kuishughulikia katika kipindi kijacho.

Nianze na sheria. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa kitaaluma waziwazi, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inamlinda mhadhiri anayetoa maoni yasiyopendwa na wengi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ambazo sisi wa Nakuru, Kisumu na Eldoret hatuhitaji kusimuliwa, inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, sheria hiyo ya mwisho inahesabu watu, haihesabu mawazo. Watu wa makabila matano wanaweza kuketi katika idara moja na wazo moja, ilhali ndugu wa tumbo moja wanabishana hadi usiku wa manane.

Kuhusu sheria ya Indiana, jibu langu ni hapana. Hapa kwetu wajumbe wa baraza la chuo kikuu cha umma huteuliwa na Waziri, na siku baraza hilo litakapopewa kazi ya kupima mawazo ya mhadhiri kabla ya kumpandisha cheo, kila mhadhiri atajifunza haraka ni mawazo gani yana uzito mzuri. Kizazi changu kilisoma wakati Rais alipokuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Mwaka wa 1982 wahadhiri kama Willy Mutunga na Alamin Mazrui waliwekwa kizuizini bila kesi zao kusikilizwa mahakamani, na walimu waliobaki madarasani walijifunza kupima kila neno kabla ya kulitamka. Mutunga alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka wa 2011, lakini wanafunzi waliokosa kumsikia miaka ile hawakurudishiwa vipindi vyao. Najua kwamba waliotunga sheria ya Indiana wanasema nia yao ni kupanua mjadala. Mimi naangalia ni nani atakayeshika mizani.

Sasa nirudi darasani kwako, ambako ndiko kwenye kazi. Kabla ya kuuliza nani anataka kuzungumza, wape wanafunzi dakika kumi kila mmoja aandike msimamo wake na sababu mbili kwenye karatasi isiyo na jina, kisha zikusanye na uzisome wewe mwenyewe kwa sauti. Katika darasa la sauti moja, mara nyingi msemaji wa kwanza ndiye anayewafunga wengine midomo. Karatasi zikisomwa, yule binti huenda akagundua kwamba wanaofikiri kama yeye ni sita au saba, na hilo litampa nguvu kuliko himizo lolote lako.

Kisha jihadhari na mdahalo wa pande mbili tu, kwa sababu huwazoesha vijana kudhani kwamba kila jambo lina ndiyo na hapana. Chukua suala la mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba katika maabara, ambalo linawagusa wanafunzi wa kilimo kule Njoro kama linavyomgusa mkulima wa Trans Nzoia. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo mwaka wa 2012 na ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Mtaalamu wa wadudu atakueleza jinsi mmea unavyoweza kujikinga dhidi ya wadudu wanaotoboa mabua; mwanasheria atauliza nani anamiliki mbegu; mkulima aliyezoea kuhifadhi mbegu za mavuno yake atauliza kama ataruhusiwa kuzipanda tena; naye mfanyabiashara atauliza iwapo wanunuzi wa nje watayakubali mahindi hayo. Watu hao wanne hawapingani moja kwa moja, ila kila mmoja anaona jambo ambalo mwenzake halioni. Gawa nafasi hizo kwa kura, kisha wiki inayofuata uzibadilishe, ili yule aliyekuwa mwanasheria aseme kama mkulima. Mwanafunzi aliyepangiwa nafasi kwa kura hawezi kuitwa msaliti kwa kuitetea.

Hata hivyo, si kila kauli ni mtazamo. Mwaka ambao marufuku iliwekwa ni ukweli wa kumbukumbu, nao haupigiwi kura. Vilevile, kifungu hicho cha 33 hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na mhadhiri anayemkatiza mwanafunzi anayeitukana jamii ya mwenzake hajamnyima mtu uhuru wowote.

Limebaki suala la msimamo wako. Wapo wanaoshauri mhadhiri aufiche kabisa. Mimi naona wanafunzi huishia kuubuni, na wakiubuni huuogopa zaidi. Useme mwishoni, baada ya wao kusema, halafu utoe hoja nzito kuliko zote unazozijua dhidi yake. Pia waonyeshe mwongozo wako wa usahihishaji kabla hawajaandika insha, pamoja na insha ya mwaka uliopita, isiyo na jina, iliyokupinga na bado ikapata alama za juu. Kama huna insha ya namna hiyo katika faili zako, kaa chini ujiulize kwa nini.

SWALI: Chama chetu cha mijadala kilimwalika mgeni mmoja, tukanyimwa ukumbi tukaambiwa kwamba chuo hakijihusishi na siasa. Wiki mbili baadaye ukumbi huohuo ulipewa mgeni wa upande mwingine. Tufanye nini?
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Nakuru

JIBU: Mwanangu, chuo kina haki ya kutochukua upande, tena ni vizuri kisichukue, maana mkuu wa chuo akishatangaza msimamo wa taasisi, ni vigumu kwa mhadhiri mdogo kusema kinyume. Lakini kutochukua upande maana yake ni kwamba kanuni ya kukodi ukumbi ni moja kwa wote: idadi ya watu, usalama, muda wa kuomba na ada, bila kuuliza mgeni atasema nini. Mwandikieni mkuu wa wanafunzi barua mkiomba sababu za uamuzi ule kwa maandishi, haki ambayo kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, na mwombe pia nakala ya kanuni za ukumbi. Mkikosa jibu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Msimtaje mgeni wa upande wa pili kwa ubaya, wala msiombe azuiwe. Ombeni tarehe yenu, na siku hiyo ikifika, mtengeeni yeye pia kiti cha mbele.